Vipimo vya Kifuku

Ukimpelekea Egide kitambaa leo, pale kwenye kibaraza chake Kasekese mkabala na mashine ya kukoboa mpunga, usitegemee atakimbilia futi. Atakuangalia kwanza, kuanzia shingoni kushuka, taratibu, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Halafu atakuuliza, "Umeshavuna?"

Wageni hukasirika. Mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Usevya alimjibu kwamba amekuja kushona suruali, hakuja kuhesabiwa magunia. Egide akamwambia kwa upole kwamba suruali na magunia ni ndugu, akamwandika kwenye daftari lenye safu mbili, moja Kifuku, nyingine Mavuno. Mwalimu huyo sasa ni mteja wa kudumu, na safu yake ya pili imeshafutwa na kuandikwa upya mara tatu.

Daftari hilo hakutoka nalo chuoni. Lilitokana na aibu, na aibu yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu wa Kasekese, ambao kwa kusimulia hawana mpinzani Katavi nzima, mpaka leo hawajaichoka.

Egide ni mtoto wa tatu wa Mzee Celestin. Huyu ni katika wale ambao wazazi wao walitoka Burundi wamebeba watoto mgongoni, wakapewa msitu, wakaugeuza shamba, na sasa wana karatasi za uraia zimefungwa kwenye nailoni juu ya dari. Celestin analima mahindi, mihogo na tumbaku, na kwenye kwaya anaimba besi. Besi yake ikianza, kuku wanatoka uani. Katika maisha yake aliamini jembe tu, na jembe halikuwahi kumwangusha sana, ila halikuwahi kumnyanyua pia. Kaka yake Egide, Rénovat, alikuwa ameshatangulia Sibwesa kufyeka shamba jipya ili naye aendelee kutonyanyuliwa huko.

Egide alimaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakuna aliyeomba kukiona mara ya pili. Akapata nafasi chuo cha ufundi Mpanda mjini, mwaka mzima, fani ya ushonaji. Celestin hakupinga kwamba ni kazi ya sindano. Mafundi cherehani wanaume wamejaa kila gulio. Yeye alipinga hesabu yenyewe.

"Watu wanavaa mitumba," alisema. "Shati limeshashonwa na Mzungu, limevaliwa, limefuliwa, limekuja mpaka hapa. Wewe utamshonea nani?"

Hata hivyo kijana akaenda. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo lisemwe. Mwalimu wake, Madamu Aneth, alikuwa akichukua kazi yake na kuizungusha darasani, wenzake wakiguna. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama reli ya Kaliua. Siku ya kuhitimu kuna mradi uliwagawia cherehani, akarudi nayo Kasekese nyuma ya lori, ameikumbatia kama mgonjwa.

Celestin akampokea, akamwacha ale, akamwita nyuma ya mlango. Hapo palikuwa na jembe jipya, limeshatiwa mpini.

"Nakuachia mwaka mmoja wa kilimo," akasema. "Sikukuu ya mavuno kwaya yetu inavaa sare mpya. Nasikia umewaambia utashona wewe. Shona. Wakipendeza, wewe ni fundi, sikugusi tena. Wasipopendeza, hili hapa. Unamfuata kaka yako Sibwesa, na hiyo cherehani mama yako atawekea masufuria."

"Sawa, Data," Egide akajibu, maana ndivyo wanavyowaita baba zao.

"Usiseme sawa haraka. Shika huo mpini uone kama unakufaa."

Egide akaushika. Ulimfaa. Hilo ndilo lililomtisha.

Mwezi wa pili akaanza kupima. Mwezi wa pili kwetu ni katikati ya kifuku. Mvua inanyesha, magugu yanakimbizana na mahindi, ghala limebaki vumbi na panya wawili wanaotazamana. Watu walikuja kupimwa wakitoka palizi, matope magotini. Nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja kwa siku, kisamvu na ugali wa muhogo, halafu mnalala mapema kabla njaa haijajua kwamba mko macho. Helena, mwenyekiti wa kwaya, mama ambaye mwezi wa saba hupita mlangoni kwa ubavu, alisimama mbele ya futi mwembamba kama binti wa kipaimara. Celestin mwenyewe alikuja amekaza mkanda kwenye tundu la mwisho, tundu ambalo kiwandani hawakulitoboa. Alilitoboa yeye kwa msumari.

Egide aliliona tundu lile. Akaandika, tumbo sabini na sita, akaita, "Anayefuata!"

Utauliza, mtoto aliyezaliwa hapohapo, hakujua kwamba watu wanakonda kifuku? Alijua. Ila kujua ni kazi ya akili, na akili alikuwa ameikabidhi kwa futi. Isitoshe, mtu haoni mwili wa baba yake ukipungua wakati wake nao unapungua pembeni.

Aliyeona ni Mzee Kalisti. Huyu ni fundi wa zamani wa gulioni, Mkonongo, miaka arobaini kwenye cherehani ambayo rangi yake nyeusi imeshaisha yote na kubaki chuma. Yeye hujisifu kwamba amewashonea suruali wakuu wa wilaya watatu, na wote walihamishwa wakiwa wamependeza. Alipita kibarazani, akafungua daftari la kijana bila kuomba.

"Umewapima hawa?"

"Nimemaliza, mzee. Ishirini na wanne."

"Mwezi huu wa pili?"

"Mwezi huuhuu."

Kalisti akacheka peke yake, kicheko cha puani. "Ongeza vidole vinne kila ubavu, ukunjie ndani."

"Chuoni tunaacha sentimita moja na nusu, mzee. Vidole havijaandikwa kwenye futi."

"Haya, bwana msomi. Mimi darasa la nne nilitoka kabla hatujafika kwenye nukta."

Angeweza kumweleza sababu. Hakumweleza. Mtu akifika miaka sitini na tano vichekesho vinakuwa vichache, na hiki kilikuwa kimemfuata mwenyewe.

Egide akakata. Na hapo kijana akaongeza ujuzi juu ya ujuzi. Hata ile sentimita moja na nusu aliyofundishwa akaiona ni nyingi, akaacha moja. Alitaka kitambaa kibaki. Lazima ujue desturi ya mafundi wetu. Unampelekea mita tatu, unarudishiwa shati, na ukiuliza kilichobaki anakutazama kama umemtukania marehemu. Egide alitaka awe wa kwanza. Alimaliza magauni kumi na tano na mashati tisa, rangi ya zambarau, kola nyeupe, pasi ya mkaa imepita kila pindo. Akamrudishia Helena mita saba za kitambaa zimekunjwa vizuri.

Helena alisimama kanisani akatoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Nimeishi miaka hamsini na mbili, sijawahi kuona fundi anarudisha kitambaa!" Watu wakapiga makofi. Akina mama wakagawana zile mita saba, wakakata vilemba, kila mmoja cha kwake.

Jambo moja Egide alilifanya sawasawa kama alivyofundishwa. Aliomba watu wajaribu nguo.

"Sare haivaliwi kabla ya kuombewa," Helena akasema.

"Siyo kuvaa, Mama. Ni kujaribu tu."

"Ukishaingiza mkono kwenye mkono wa gauni, umevaa. Mambo ya kujaribu yaachie hukohuko chuoni."

Sare zikaingia kwenye sanduku la bati, sanduku likapigwa kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni kwa Helena. Ilikuwa mwezi wa nne. Mvua zikaanza kupungua, mahindi yakaanza kukauka.

Halafu watu wakavuna.

Mwaka ule Kasekese ilivuna, na Kasekese ikivuna haifanyi siri. Mchele mpya ukashuka, maharage yakapikwa na mawese, migebuka ya Karema, samaki wa ziwani, ikaja kwenye matenga ya pikipiki. Watu walikula asubuhi, wakala mchana, na jioni wakala ili wasije wakasahau. Shavu la Helena ndilo lilitangulia kurudi. Likafuata la pili. Celestin aliacha tundu la msumari, akarudi kwenye tundu la kiwanda, akalipita na hilo. Egide naye alikula. Alikuwa anapita katikati ya watu wanaojaa kila wiki, wanamsalimia, naye anawaitikia, futi imening'inia shingoni, hana habari.

Alhamisi kabla ya sikukuu mchungaji akaliombea sanduku. Helena akalifungua. Akina mama wakaingia stoo ya kanisa na magauni yao, wanaume wakabaki nje na mashati yao.

Sauti ya kwanza kusikika huko stoo haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya mshono.

Kisha Helena akatoka. Alikuwa ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyewekwa chini ya ulinzi, kwa sababu gauni lilipofika mabegani lilikataa kumruhusu aishushe.

"Egide mwanangu," akasema kwa pumzi ndogondogo, "umetushonea au umetufunga?"

Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja zipu imeishia kiunoni, mwingine anatembea hatua za njiwa. Kati ya wote, gauni lilimkaa mmoja tu, Providence, aliyekuwa ametoka kuumwa malaria, naye akazunguka mbele ya wenzake mara mbili bila sababu ya maana. Upande wa wanaume Celestin alifanikiwa kufunga kifungo kimoja. Yotham, mwalimu wa kwaya, akasema labda tujaribu noti, tusikie kama sauti inatoka. Celestin akavuta pumzi ya besi. Kifungo kikaruka, kikamgonga Yotham shavuni.

Hakuna aliyecheka, na kwa watu wa Kasekese hiyo ni dalili mbaya. Celestin alimtazama mwanawe mara moja, akavua shati, akalikunja vizuri kuliko lilivyostahili, akaondoka. Egide alipofika nyumbani jembe halikuwa tena nyuma ya mlango. Lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani, tayari.

Akakaa kibarazani. Akafungua daftari, akaangalia vile vipimo, akaona vimeandikwa kwa usafi, hakuna kosa. Ndipo akaona tarehe juu ya ukurasa. Ulikuwa mwezi wa pili, mwezi wa njaa. Akainuka, akampima baba yake uani, akarudi kanisani, akawapima wengine wote upya, mmoja baada ya mwingine, akiandika namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Helena alikuwa ameongezeka sentimita kumi na sita. Ukijumlisha, kwaya nzima ilikuwa imeongezeka karibu mita mbili na nusu.

"Kitambaa kingine?" akamuuliza Helena.

Helena alikuwa ameshapiga simu Mpanda. Jora lile liliisha tangu Pasaka.

"Basi vilemba, Mama."

Hapo pakawa na vita. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema bora aimbe hapumui kuliko aimbe hana kilemba. Mwingine akasema kosa la fundi haliwezi kulipwa na kichwa chake. Helena, ambaye mpaka wakati huo mkono wake mmoja ulikuwa bado haujashuka vizuri, ndiye aliyemaliza ubishi.

"Nyie! Kila mmoja hapa ana kitambaa cheupe cha meza ya Bwana. Mtafunga hicho. Leteni vilemba!" Akatangulia kukitupa cha kwake.

Ijumaa asubuhi Egide akaanza kufumua. Anakata kilemba vipande viwili virefu, anafungua ubavu wa gauni, anaingiza kipande, anashona. Ubavu wa pili, vilevile. Rangi ni moja, ukiwa mbali huoni kitu. Kilemba cha Providence, ambaye hakuhitaji kupanuliwa, kilikwenda kwa Helena, na hakikutosha kwa raha. Kufikia saa nne alikuwa amemaliza magauni mawili. Yalibaki kumi na mawili, na mashati tisa ambayo hayana kilemba cha kukata.

Saa tano Mzee Kalisti akaja anasukuma baiskeli, cherehani yake imefungwa nyuma na mpira, gunia la mabaki juu yake.

"Nimekuja kuona sentimita moja na nusu," akasema.

"Ilikuwa moja, mzee," Egide akajibu bila kuinua uso.

Kalisti alikaa chini kabisa. Alitaka kucheka, kicheko kikamshinda ukubwa. Akachukua gauni moja lililofumuliwa, akaligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa kijana kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo.

"Mkono unao," akasema. "Miaka arobaini sijawahi kupiga mstari hivi. Sasa sikiliza, maana chuoni hawana muda wa kukufundisha wizi. Mimi kitambaa cha mteja sirudishi. Nakificha ndani ya nguo yake mwenyewe, ubavuni. Akikonda, hajui kama kipo. Akinenepa, anakuja, nafumua, namwachia. Ananiita mchawi."

"Si ungeniambia mwezi wa pili?"

"Nilikuambia vidole vinne. Ukaniambia havijaandikwa kwenye futi."

Egide akaendelea kukanyaga cherehani. Kalisti akasogeza mashati ya wanaume upande wake. "Hawa tunawapasua mgongoni," akatangaza. "Kwaya inatazama watu. Mgongo nani anauona? Naweka chochote kilichomo kwenye gunia."

Yotham akaruka. "Wimbo wa pili ni wa kugeuka, mzee! Tumeufanyia mazoezi miezi miwili!"

"Basi msigeuke."

"Bila kugeuka ule siyo wimbo, ni tangazo!"

"Chagua, mwalimu. Mgeuke mkiwa vifua wazi, au msigeuke mkiwa na mashati."

Wakakubaliana hakuna kugeuka. Ijumaa yote na Jumamosi mpaka jua linazama, kibaraza kilikuwa na cherehani mbili zinafukuzana. Kalisti alikuwa anashona haraka na vibaya, Egide anapita nyuma yake akinyoosha. Mashati tisa yakapata migongo tisa: maua, madoadoa, kipande cha kanga ya kampeni ya kunyonyesha, na la Celestin, kwa sababu lilikuja la mwisho na gunia lilikuwa limebaki tupu, likapata kitenge cha majogoo mekundu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mahindi, mpunga na maboga vilikuwa vimepangwa mbele. Egide alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu zake. Kwaya ikaingia kwa mwendo wa pole. Akina mama na zambarau yao na vitambaa vyeupe kichwani, wanapumua, wanameremeta. Wanaume waliingia kwa kutembea kiubavu, migongo ikifuata ukuta kama kaa.

Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wimbo wa pili ukaanza. Yotham akawa anawakodolea macho wanaume, midomo yake inasema, msigeuke, msigeuke. Wanane walikumbuka. Ila miguu ya Celestin ilikuwa imefanya mazoezi miezi miwili, na mtu akifika kwenye besi yenyewe, ile ya chini kabisa, kichwani huwa hakuna mtu. Akageuka.

Majogoo yakatazama kanisa zima.

Halafu bibi mmoja benchi la mbele akapiga kigelegele, akadhani ni mtindo. Kanisa likalipuka. Celestin, akiwa bado kawapa mgongo watu, hakujua wanashangilia nini, akadhani ni besi. Akakaza besi. Alipogeuka mbele akakuta watu wamesimama, basi akageuka tena. Wenzake wanane wakatazamana, wakaona haina maana kuteseka, nao wakageuka wote pamoja, maua, madoadoa, kunyonyesha, vyote. Yotham akafumba macho akaendelea kupunga mikono.

Baada ya ibada watu walibishana chini ya kivuli cha kanisa mpaka chakula kikapoa. Wapo waliosema haijawahi kutokea sare kama ile. Wapo waliosema haijawahi kutokea, na wakashukuru. Kama kwaya ilipendeza au haikupendeza, hakuna aliyepiga kura. Celestin alikula wali sahani mbili, akakaa siku nzima bila kusema chochote kuhusu nguo. Egide alizunguka akimtazama mdomo, na mdomo ulikuwa unatafuna tu.

Jumatatu asubuhi Egide aliamka akakunja nguo zake, akaziweka kwenye begi la shule. Kwa mazoea akavaa futi shingoni, akatoka kwenda kibarazani kuifunika cherehani. Baba yake alikuwa pale. Alikuwa amelishika lile jembe jipya.

Celestin alilinyanyua, akalipima uzito, akaupitisha mkono kwenye mpini. Egide akanyoosha mkono alipokee.

"La kwangu limekwisha makali," Celestin akasema. Akalitia begani. "Nakwenda bondeni kwenye nyanya. Wewe una kazi." Kwa mkono mwingine akatupa kitu juu ya cherehani. Ilikuwa suruali yake nyeusi, ile ya kanisani, kifungo cha kiuno kimeondoka na uzi wake. "Ipanue hiyo. Na usiniwekee kuku."

Egide akaigeuza nje ndani, akatazama mshono wa nyuma, akafungua daftari.

"Simama nikupime, Data."

"Si umenipima Alhamisi?"

"Alhamisi, ndiyo. Lakini jana umekula sikukuu."

Celestin alimtazama, akatazama tumbo lake mwenyewe. Akaliweka jembe chini, akainua mikono.